Mjumbe Hauawi

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi. Maana ya neno hilo ni wazi: aletaye habari si mwenye habari, na ghadhabu ya mpokeaji haina haki ya kumwangukia. Lakini mauti ya mjumbe ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ya upanga, na hiyo wahenga waliikataza. Namna ya pili ni ya safari zisizokwisha. Mjumbe hutumwa leo, hutumwa kesho, na kesho kutwa hutumwa tena, kwa sababu ni mwepesi wa miguu na nyumba yake i karibu na njia, mpaka siku moja akaanguka na habari ingali mkononi mwake. Kwa mauti haya hapana aliyeshika upanga, na kwa hiyo hapana ajionaye kuwa ameua. Nataka, msomaji wangu, kukueleza habari za wajumbe wadogo sana wasio na damu wala roho, ambao mabingwa wa elimu wameusumbukia uhai wao kwa zaidi ya miaka ishirini. Na katika kukueleza habari zao, nitasema pia neno juu ya wajumbe wenye damu.

Wajumbe hao huitwa vihisi. Kihisi ni chombo kidogo kiwezacho kukaa katika kiganja cha mkono, nacho kina viungo vinne. Kiungo cha kwanza ni fahamu, ambayo hutambua joto, unyevu, mwanga, mtikisiko au moshi. Cha pili ni akili, yaani kompyuta ndogo ya kufanyia hesabu. Cha tatu ni ulimi na sikio, yaani redio ya kusema na kusikia pasipo waya. Cha nne ni ghala ya chakula, yaani betri. Vihisi vingi hutawanywa shambani, msituni au darajani, na kila kimoja huangalia kipande chake kidogo cha dunia. Kwa kuwa sauti ya kihisi haifiki mbali, hunong'ona kwa jirani yake, na jirani kwa jirani, hata habari ikafika katika kituo kikuu ambako watu huisoma. Umoja huu wa vihisi huitwa mtandao.

Mtandao wenye vihisi peke yake una macho lakini hauna mikono. Mwaka 2004 mabingwa wawili wa Georgia Tech huko Marekani, Ian Akyildiz na Ismail Kasimoglu, walichapisha makala juu ya mtandao wenye vyote viwili, yaani vihisi pamoja na vitendaji. Kitendaji ni chombo kinachopokea habari na kuitimiza kwa kazi: hufungua bomba la maji, huwasha pampu, hurusha maji juu ya moto au huenda chenyewe mahali panapohitaji msaada. Fikiri juu ya mwili wako. Ncha ya kidole huhisi moto, habari hupita katika mishipa ya fahamu, na mkono hujiondoa kabla hujatamka neno. Ngozi ni kihisi na misuli ni kitendaji. Lakini katika mtandao huu mali haikugawanywa sawa. Vitendaji ni vichache, navyo ni matajiri wa nguvu. Vihisi ni vingi, navyo ni maskini. Na umaskini wa kihisi ni wa namna ya pekee: hupewa riziki yake yote siku ya kuzaliwa, na aghalabu hakipewi nyingine.

Labda utauliza kwa nini mtu asiende akabadili betri zilizokwisha. Swali hilo ni zuri, na jawabu lake liko katika kisiwa kiitwacho Great Duck Island, katika pwani ya Maine, Marekani. Wakati wa joto wa mwaka 2002, wataalamu wa chuo kikuu cha California huko Berkeley, pamoja na wenzao wa maabara ya Intel na wa College of the Atlantic, waliweka vihisi 32 kisiwani humo. Walitaka kujua habari za ndege mdogo wa baharini ambaye hutaga katika mashimo ya ardhini. Ndege huyo hapendi wageni. Mtu akiingiza mkono shimoni mara kwa mara, ndege aweza kuliacha yai lake na asirudi. Basi vihisi vilitiwa mashimoni, kila kimoja na betri mbili ndogo za namna ile tuitumiayo katika tochi na redio, vikaachwa vieleze joto na unyevu wa nyumba ile bila ya nyayo za mtu. Kumwendea ndege ili kumbadilishia kihisi betri kungekuwa kuiharibu kazi iliyokusudiwa. Kadhalika vihisi vilivyotawanywa kwa mamia katika msitu, au vilivyojengewa ndani ya zege la daraja, havina mtu wa kuvilisha. Betri ikiisha, kihisi kimekufa.

Sasa tutazame mahali riziki hii huliwa. Waweza kudhani kwamba kufikiri ndiko kunakochosha, maana mwanafunzi huona hivyo baada ya mtihani wa hesabu. Kwa kihisi sivyo. Kufikiri kwake ni rahisi, na kusema ndiko ghali. Kwa nguvu ya kupeleka ujumbe mfupi mita mia moja, kompyuta ya kihisi ingeweza kufanya mamilioni ya hesabu. Tena bei ya kusema haipandi kwa kadiri ya umbali tu. Hupanda kwa mraba wa umbali. Ukiuzidisha umbali mara mbili, nguvu itakiwayo huwa mara nne. Ukiuzidisha mara tatu, huwa mara tisa. Na mahali penye vilima, majani na kuta, au redio ikilala karibu na ardhi, bei hupanda kwa ukali zaidi hata ya hapo.

Twaa kalamu, msomaji, tufanye hesabu pamoja. Mwaka 2000 Wendi Heinzelman, Anantha Chandrakasan na Hari Balakrishnan, wa chuo cha MIT huko Marekani, walitumia kanuni nyepesi ya kukadiria matumizi ya redio. Kipimo chake ni nanojouli, yaani jouli moja iliyogawanywa katika sehemu milioni elfu. Walisema kwamba kwa kila biti, yaani chembe ndogo kabisa ya habari, redio hutumia nanojouli 50 kwa kuendesha mitambo yake inaposema, na 50 vile vile inaposikia. Juu ya hizo, msemaji hulipa sehemu moja ya kumi ya nanojouli kwa kila mita ya mraba wa umbali. Tuseme kihisi kiko mita 100 kutoka kituoni. Kikipaza sauti chenyewe mpaka kituoni, mraba wa 100 ni 10,000, na sehemu ya kumi yake ni 1,000. Ongeza 50 za mitambo, jumla ni 1,050.

Sasa weka jirani mmoja katikati, kila hatua iwe mita 50. Mraba wa 50 ni 2,500, na sehemu ya kumi yake ni 250. Kila msemaji hutumia 300, na wasemaji ni wawili, basi ni 600. Jirani naye alitumia 50 kwa kusikia. Jumla ni 650. Tumeokoa nanojouli 400 kwa kumwomba jirani mmoja msaada. Hapo waweza kufurahi na kusema, kama jirani mmoja ametufaa hivi, majirani tisa watatufaa mara tisa. Haya, weka majirani tisa, hatua kumi za mita kumi kumi. Kila msemaji hutumia 50 na 10, yaani 60. Wasemaji kumi hutumia 600. Majirani tisa hutumia 450 kwa kusikia. Jumla ni 1,050. Tumerudi pale pale tulipoanzia, ingawa sasa tumewaamsha watu tisa usingizini! Ukijaribu hatua zote kutoka moja hadi kumi, utaona kwamba njia iliyo rahisi kuliko zote ni ya hatua tatu, ambayo gharama yake ni 583 na ushei.

Hesabu hii naipenda, nami huwapa vijana kila nipatapo nafasi, kwa sababu huweka mithali mbili mahali pake. Umoja ni nguvu. Hatua moja ya peke yake ilikuwa ghali. Lakini manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hatua kumi zilikuwa ghali vile vile. Vijana hupenda kuziona mithali hizi kama mahasimu, mmoja akisema hivi na mwingine akisema vile. Ukweli ni kwamba kila moja ina mpaka wake, na kazi ya akili ni kuutafuta mpaka huo kwa kipimo.

Basi kuichagua njia kwa kipimo cha namna hii ndiko kuielekeza habari kwa uwekevu wa nguvu. Mabingwa wa kwanza walidhani kazi imekwisha hapo: tafuta njia yenye gharama ndogo kabisa, kisha uitumie daima. Lakini walipoitumia daima, waliona jambo la kusikitisha. Mtandao ulikufa upesi, ilhali vihisi vingi ndani yake vilikuwa na akiba tele.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa hesabu, nami niliifahamu pale pale bila mfano wa kitabu, kwa maana nilikuwa nimeiona utotoni mwangu. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya kufika bombani, na dada yangu mkubwa alikuwa msichana mwepesi, asiyenung'unika na asiyesahau alilotumwa. Mama alipotaka maji alimtuma yeye. Jirani alipotaka kupeleka neno dukani alimtuma yeye, maana angerudi kabla ya chai kuchemka. Baba alipopata barua ya kusomewa alimwita yeye. Shangazi alipougua, ni yeye aliyekwenda kulala kwake. Hapana hata mmoja kati yao aliyekuwa mkatili. Kila mmoja alifanya hesabu yake kwa haki: nani atafanya kazi hii kwa upesi na kwa taabu ndogo? Na kila hesabu ilitoa jawabu lile lile. Sisi wengine, wavulana watatu tuliokuwa na miguu mizima, hatukutumwa kwa sababu tulikuwa wazito, na tulizidi kuwa wazito kwa sababu hatukutumwa.

Mwaka wa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi dada yangu alikuwa akisinzia darasani. Mwalimu alidhani ni mvivu. Fikiri juu ya neno hilo, msomaji: mtu aliyekuwa akifanya kazi za watu wanne aliitwa mvivu mahali pekee ambapo kazi ilikuwa yake mwenyewe. Mtihani ulimshinda. Bibi yetu, ambaye hakujua kusoma lakini alijua kuhesabu, alituita sote uani, akatandika mkeka, akatuambia maneno machache. Alisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ninyi mmeona ni usufi kwa sababu haukuwa begani mwenu." Tangu siku hiyo maji yalikwenda kwa zamu, na barua kwa zamu, na shangazi alilaliwa kwa zamu. Wavulana wazito tulimwaga maji njiani kwa muda wa mwezi mmoja, kisha tukazoea. Dada alirudia darasa, akafaulu, akaendelea na masomo. Lakini ule mwaka mmoja hakurudishiwa na mtu. Betri iliyotumika haijazwi kwa majuto.

Dada yangu alikuwa njia yenye gharama ndogo kabisa. Katika mtandao wa vihisi hali ni hiyo hiyo. Chora mstari wa vihisi kumi vinavyoelekea kituoni, kila kimoja kikiwa na habari moja ya kupeleka. Kihisi kilicho mbali kabisa husema habari moja, basi. Kile kilicho karibu na kituo husikia habari tisa za wenzake, kisha husema kumi. Kazi yake ya kusema ni mara kumi ya kazi ya mwenziwe, na betri zao zilikuwa sawa. Hicho ndicho kitakachokufa kwanza, na kikifa, tisa vilivyo nyuma yake vitabaki hai lakini bubu, mithili ya tajiri aliyeachwa kisiwani na sanduku la fedha pasipo mashua.

Dawa zilizotafutwa ni nyingi, nami nitakutajia chache zilizo za msingi. Mwaka 2002 Rahul Shah na Jan Rabaey wa Berkeley walishauri kwamba mtandao usiing'ang'anie njia bora peke yake. Ziwekwe njia kadhaa zilizo njema, na kila habari ipigiwe kura njia ya kupita, njia rahisi ikipewa bahati kubwa zaidi na njia ghali bahati ndogo. Hivyo pengine habari hupita njia iliyo ghali kidogo kwa makusudi. Mtu mwenye haraka ataona huo ni upotevu, kwa sababu anahesabu safari moja. Mwenye busara huhesabu safari zote mpaka siku ya mwisho.

Wale mabingwa wa MIT niliowataja nao waliwaza kama alivyowaza bibi. Waligawa vihisi katika vikundi, na kila kikundi kikawa na kiongozi. Wanakikundi hunong'ona kwa kiongozi aliye karibu, na kiongozi hukusanya habari zao, huzifupisha, kisha huzipeleka mbali kituoni. Uongozi huu si heshima; ni mzigo, kwa sababu kiongozi husikia kila mtu na husema kwa sauti kuu. Kiongozi wa kudumu angekufa mapema. Kwa hiyo uongozi huenda kwa zamu: kila baada ya muda vihisi hupiga kura upya, na kilichokwisha kuongoza hakirudi mpaka wenzake nao wamekwisha kupata zamu. Katika majaribio yao ya hesabu juu ya vihisi 100, waliona kwamba viongozi wapatao watano kwa wakati mmoja walifaa. Utaratibu huu uliitwa LEACH, na mwanafunzi wa elimu hii hukutana nao mapema.

Walakini zamu peke yake haitoshi. Kura isiyotazama hali ya mtu yaweza kumwangukia mgonjwa. Kihisi kilichobakiwa na nguvu kidogo kikipewa uongozi kwa sababu tu zamu yake imefika, haki ya zamu hugeuka kuwa dhuluma. Kwa hiyo mwaka 2004 Ossama Younis na Sonia Fahmy, wa chuo kikuu cha Purdue, walieleza utaratibu uitwao HEED, ambao kwanza hutazama akiba iliyobaki katika kila kihisi, na mwenye akiba kubwa ndiye awezaye zaidi kuwa kiongozi. Usawa ni kumpa kila mtu mzigo mmoja. Insafu ni kumpa kila mtu mzigo anaoweza kuubeba na kesho akawapo.

Naliona jambo la kusifiwa pia katika kule kufupisha habari. Vihisi ishirini vilivyo mahali pamoja, vikisema vyote kwamba joto ni nyuzi 24, havikuleta habari ishirini. Vimeleta habari moja mara ishirini. Kiongozi mwenye akili hujumlisha, hupeleka neno moja, na nguvu ya maneno kumi na tisa huokolewa. Ungekuwa vyema ulimwengu huu kama mikutano yetu nayo ingeendeshwa hivyo.

Baada ya kusema kwa kipimo huja usingizi. Redio iliyo wazi ikingoja sauti, hata kama hapana asemaye, hula nguvu karibu sawa na redio inayosikia habari yenyewe. Kukesha bure ni kazi. Kwa hiyo mwaka 2002 Wei Ye, John Heidemann na Deborah Estrin walieleza utaratibu uitwao S-MAC, ambao kwao vihisi jirani hupatana saa za kulala na saa za kuamka. Saa ya kuamka ikifika, wote huamka pamoja, husemezana upesi, kisha hurudi kulala. Usingizi huo si uvivu. Kwa kihisi ni nusu ya uhai.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Mnamo Januari 2004 wataalamu wa chuo kikuu cha Princeton walikuja Laikipia, hapa kwetu Kenya, wakawavisha punda milia wachache kola zenye redio. Kola hizo zilijua mahali zilipo kwa ishara za setilaiti, na zilipata msaada wa nguvu kutoka kwa jua. Kazi hiyo iliitwa ZebraNet. Shida yake ilikuwa hii: punda milia hakai mahali pamoja, na kituo kilikuwa watafiti wenyewe, ambao nao hutembea. Hapakuwa na njia ya kuichora. Basi habari ilifanywa kama habari za wasafiri wa zamani: punda wawili wakikutana malishoni, kola zao hupeana walizo nazo, na kila mmoja huchukua za mwenziwe mpaka atakapokutana na watafiti. Mtafiti akimkaribia punda mmoja, hupata hadithi za punda ambao hakuwaona.

Hapo likazuka swali la uwekevu. Je, kola impe habari kila akutanaye naye? Hivyo habari hufika, lakini nguvu nyingi huliwa, kwa kuwa hadithi moja hubebwa na kundi zima. Ama impe yule tu ambaye kwa siku zilizopita amezoea kuwa karibu na watafiti? Hivyo nguvu huokolewa, lakini yote hutegemea desturi ya mnyama, naye mnyama hakuahidi neno. Wataalamu walizipima njia zote mbili kwa hesabu kabla ya kuja malishoni, na fundisho lao ni kwamba hapana njia iliyo bora mahali pote. Ubora hutegemea ghala ya habari ni kubwa kiasi gani, redio hufika wapi, na wanyama hukutana mara ngapi.

Nimesifu uwekevu kwa kurasa hizi zote, na sasa sina budi kuuwekea mpaka wake pia. Tuseme vihisi vimetawanywa msituni, na vitendaji vyenye maji vimewekwa kandokando. Moto umewaka. Kihisi kilicho karibu kimeuona. Je, kilale mpaka saa ya kuamka ifike? Je, kitafute njia ya mzunguko ili kumpumzisha jirani? La. Habari ya moto ikichelewa, nguvu iliyookolewa itateketea pamoja na kihisi chenyewe. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mtandao unaotazama tu na mtandao unaotenda. Mtazamaji aweza kungoja; mtendaji ana saa ya mwisho. Kwa hiyo wataalamu wa mitandao ya vitendaji huuliza maswali mawili kwa pamoja: habari hii yapasa ifike kabla ya wakati gani? Na kati ya njia zote zinazoweza kufika kabla ya wakati huo, ni ipi itumiayo nguvu kidogo? Haraka hutangulia, uwekevu hufuata. Siku ya amani uwekevu hutawala. Siku ya hatari hutii. Akiba isiyotolewa wakati wa haja si uwekevu tena, ni ubahili, na mwisho wa bahili ni kufa na ghala iliyojaa.

Vitendaji navyo vina wajibu wao. Kwa kuwa ni matajiri wa nguvu, ni haki vibebe mzigo mkubwa wa safari. Kihisi hakina haja ya kuipeleka habari mpaka kituo cha mbali. Huipeleka kwa kitendaji kilicho karibu, na kama kuna maneno marefu ya kusemwa, vitendaji huyasema baina yao. Nani aende kwenye moto? Nani abaki akilinda upande wa pili? Visiposhauriana, vyote viwili vitakwenda kuzima moto mmoja na wa pili utawaka pasipo mtu. Hivyo njia ya maskini hufupishwa, na shauri refu hufanywa na wenye uwezo. Nayaona haya kuwa mazuri kuliko desturi nyingi za wanadamu, ambao mara nyingi huufanya mdogo atembee mwendo mrefu ili mkubwa asiinuke kitini.

Msomaji wangu, pengine utakuwa fundi wa mitandao hii, maana mashamba, misitu na mito ya nchi yetu ingali na mengi ya kusema, na wasikilizaji ni wachache. Ukiwa fundi, usimpime mjumbe kwa safari moja. Mpime kwa safari zote. Usiulize njia ipi ni fupi kabla hujauliza nani hukaa juu ya njia hiyo na amebakiwa na nini. Na kama hutakuwa fundi, bado una darasa, una nyumba na una jamaa. Katika kila darasa yuko mmoja ambaye huombwa daftari na kila mtu. Katika kila nyumba yuko mmoja ambaye jina lake huitwa kwanza jiko linapozimika. Hatalalamika, kwa kuwa wepesi wake ndio uliomponza. Leo jioni, kabla ya kumwita, tazama pembeni yake wamekaa wangapi ambao hawajaitwa, nawe ujihesabu miongoni mwao.